Mjomba wa Yesu ni nani?

Kila nikija likizo Masasi, salamu zikiisha tu swali ni lile lile: "Eti kweli Ulaya makanisa yamegeuzwa baa?" Yapo. Hapa Tübingen, Ujerumani, ninakotunza wazee, Jumapili tunajikuta watu ishirini kwenye kanisa la watu mia tatu. Lakini halifi njaa: kodi ya kanisa hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, asilimia 8 ya kodi ya mapato katika jimbo hili. Mwezi wa kwanza nilidhani nimeibiwa. Mimi nimezoea mnada wa baada ya misa: jogoo, mihogo, korosho, na mzee mmoja anayeipandishia bei nazi aliyoitoa mwenyewe.

Hata hivyo, msiwahurumie haraka. Mji huu ndio aliofundisha mwanateolojia Jürgen Moltmann, aliyefariki hapa mwaka 2024. Alikuwa kijana mdogo Hamburg ilipoteketezwa kwa mabomu mwaka 1943. Rafiki aliyekuwa kando yake akafa, yeye akapona. Akaja kuwa mfungwa wa Waingereza, na huko kambini ndiko alikoanza kuisoma Biblia kwa dhati. Kitabu chake cha teolojia ya tumaini, cha mwaka 1964, kina mizizi kwenye moto ule. Bibi mmoja ninayemwogesha alishajitoa kanisani zamani, tena kwa karatasi za serikali, lakini usiku huniuliza Mungu alikuwa wapi siku zile. Kwetu angeambiwa azidishe maombi.

Hapo ndipo ninapoumia, maana Masasi iliwahi kuthubutu. Vincent Lucas, askofu wetu wa kwanza (1926 hadi 1944), hakulipiga jando marufuku; alilibatiza, vijana wakaingia porini na padri wao. Leo mtu akitaja unga wa mtambiko chini ya mti, tunakemea na kupita. Charles Nyamiti, padri Mtanzania kabisa, aliandika mwaka 1984 kwamba Kristo ni Mhenga wetu. Nilikutana na jina lake kwenye maktaba ya Wajerumani. Kanisani kwetu sikuwahi kulisikia.

Sasa fikirini. Sisi Wamakua, kama Wayao, Wamwera na Wamakonde, asili yetu ni kuhesabu ukoo kwa mama, na mwenye neno ni mjomba. Yesu hana baba wa damu. Mwili wake wote umetoka kwa Maria. Kwa hesabu ya nyumbani huyo ni wa ukoo wa mama mtupu, hana upande wa pili. Marehemu bibi yangu angeuliza papo hapo: basi mjomba wake nani? Nilicheka nilipoliwaza, kisha nikakosa usingizi.

Nikamsimulia kijana mmoja anayesomea uchungaji hapa. Macho yakamtoka, akachukua kalamu, akaniuliza nani kaandika hayo ili amnukuu. Nikamwambia hakuna, ni sisi tu. Akafunga daftari.