Kubadilisha kisu kwenye koleo la kukunja: wapi inafaa, wapi ni hatari

Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya na mkewe kwa Fiat kuukuu, mfukoni ana kisu cha kukunja tu. Gari likisumbua au bomba la hotelini likivuja, alitamani kisu kile kiwe na koleo. Mwaka 1983 koleo lake lenye kisu na zana nyingine mpinini likaanza kuuzwa. Siku hizi wenye makoleo hayo nao wana matamanio yao. Mmoja hajawahi kugusa msumeno wake, mwingine anataka kisu cha chuma kigumu zaidi, basi wanafungua skrubu na kuzipanga zana upya.

Nawaelewa kabisa. Kifaa ni cha bei, nafasi mpinini ni finyu, na fundi umeme anayebeba zana asiyoitumia mwaka mzima anabeba uzito wa bure. Tena kisu kikivunjika ncha, hakuna sababu ya kutupa koleo zima. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Wave na Charge, aina mbili za koleo za Leatherman. Zimejengwa kwa umbo moja, kwa hiyo kisu cha Charge cha S30V, chuma kigumu, hukaa kwenye Wave, ambayo hutoka kiwandani na kisu cha 420HC, chuma laini zaidi.

Ila kigumu zaidi si lazima kiwe bora kwako. S30V hukaa na makali muda mrefu, lakini kikishakuwa butu jiwe la kawaida litakutoa jasho. Kinataka jiwe la almasi. 420HC huisha makali mapema na kurudi mapema. Anayefanya kazi mbali na mji, na jiwe lake ni lile la jikoni, ningemshauri abaki nacho.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni kifungio. Kwenye makoleo mengi ya aina hii kifungio ni ulimi mwembamba wa chuma unaojisukuma nyuma ya shina la kisu (sehemu yake iliyo ndani ya mpini) kinapofunguka. Ulimi na shina vimechongwa vikutane barabara, na tofauti ndogo kama unene wa karatasi inatosha kuviharibia mshikamano. Mimi niliwahi kuweka kisu kilichotoka kwenye koleo jingine. Kilifunga, hata mlio wake ulikuwa mzuri, lakini nilipokibonyeza mgongoni kwa kidole gumba kilicheza. Nikakaza skrubu, kikawa kigumu kufunguka kwa mkono mmoja. Nikalegeza robo mzunguko, kikayumba kushoto na kulia. Nilirudisha cha zamani jioni ileile, kwa sababu kisu kinachojikunja katikati ya kazi kinakunjia vidole.

Kuna pia waranti. Leatherman hutoa ya miaka 25, lakini haihusu kifaa ulichokibadilisha mwenyewe. Kwa visu vya kukunja vya Victorinox ya Uswisi, vilivyofungwa kwa ribiti (pini za chuma zilizogongewa, si skrubu), kazi ni nzito zaidi: lazima ukate ribiti na kugongea mpya, na hiyo si kazi ya kujifunzia.

Kwa hiyo ningeanza na yale ambayo kiwanda chenyewe kimeyaachia nafasi. Surge, koleo jingine la Leatherman, ina kishikio kinachopokea misumeno ya kawaida ya jigsoo (msumeno wa umeme wa mkononi), na Wave+ ina vikata waya vya kubadilishwa. Hata kutoa kisu kabisa, kama wafanyavyo baadhi ya wasafiri wa ndege, hakuna ubaya, mradi uweke mahali pake washa (kipete bapa cha chuma) yenye unene uleule ili zana zilizobaki zisilegee. Ofisa wa ukaguzi uwanjani bado anaweza kulikataa koleo lenyewe.

Ukishaamua kubadilisha kisu chenye kifungio, usikitie mfukoni kabla ya kukijaribu. Kifungue, gonga mgongo wake taratibu kwenye ubao mara kadhaa, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja hata mara moja, kitoe.