Shokapu ya Mtoto, Kanzu ya Shemeji

Jamani asikudanganye mtu, shokapu ya upepo ya baiskeli ya mtoto ina mambo kuliko hata gari. Dogo wangu ana kilo 22, umlishe ugali wa muhogo na migebuka mpaka akome ni zilezile 22. Sasa mama yake si akaagiza mtumba wa Japani, namba 20, shokapu mbele shokapu nyuma, mtaa mzima hapa Mwanga ukaja kushangaa, maana huku Kigoma baiskeli tunayoijua ni Phoenix ya kubebea madumu ya mawese na springi zake ni zile za chini ya siti basi.

Shida nyuma haibonyei. Dogo anakaa, anarukaruka, wapi, ngumu kama benchi la kliniki. Nikaisukuma mpaka kwa fundi wa tairi za bodaboda, akaona vali ni ileile ya pikipiki, akafurahi kweli, "bosi hii ina kiu", akachomeka kompresa. Kiu gani, ilikuwa imeshiba tangu huko kwao! Ikazidi kukaza. Nikamwambia basi punguza, akagusa kile kijiti cha katikati kwa ncha ya bisibisi, kugusa tu, pssss, upepo wote kwishnei, baiskeli ikachuchumaa mbele za watu. Kumbe kale kachumba ka upepo humo ndani ni kadogo mno, sio tairi hilo useme utoe kidogo ubakize. Fundi akanidai hela ya kujaza NA hela ya kutoa.

Pampu yake ni nyingine kabisa, ndogo, ina mpira mwembamba na saa ya kupima upepo inayosoma mpaka psi 300, ikabidi niagize Dar ikaja na mtu wa treni. Halafu ndo hesabu ikaanza: mtoto akikaa ametulia, shokapu iingie kama robo ya mwendo wake. Yetu inaingia milimita 38 ikibonyea yote, kwahiyo natafuta 9 au 10. Kwenye kile kifimbo kinachong'aa kuna kampira, unakasogeza mpaka mwanzo, mtoto anapanda taratibu, anashuka taratibu, unapima kampira kameenda wapi. Rahisi eeh? Haya mwambie mtoto wa miaka 7 apande TARATIBU. Anapanda kama anakimbizwa na mbwa, kampira kote kule, tunaanza upya. Na kila nikichomeka pampu kuangalia, saa inasoma pungufu kwasababu upepo kidogo unakimbilia kwenye ule mpira wa pampu, mama watoto yuko mlangoni na mwiko "si nilikwambia inavuja", namwelewesha, anaguna tu.

Mwisho wa siku upepo wa psi 55 ukakubali. Milimita 10 kasoro kidogo. Nikazungusha na kile kitufe chekundu ili siti ikibonyea irudi polepole isije ikamrusha mtoto, dogo akashuka nayo ngazi ya baraza, nyuma ikazama ikanyanyuka kwa adabu, akacheka mpaka kamasi.

Ijumaa yake akaja shemeji. Kaka mkubwa wa mama watoto, kilo 96, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, bodaboda aliyemuita haonekani na adhana ishatoka. Akaiona baiskeli. "Shem naazima, nateremka nayo tu hapo chini." Dogo akamwambia kwa heshima zote, "Mjomba, shikamoo, hii ni ya kilo 22." Akajibiwa nenda kasome.

Alipokaa ilizama yote, nilisikia TO! Na siti ilikuwa ya dogo, chini kabisa, kwahiyo tairi la nyuma likaja kukutana na siti, na katikati yao hapo ndo imening'inia ile kanzu. Yeye kashaachia breki, mteremko wa kwenda stesheni mnaujua, hausubiri mtu. Tairi likaanza kuimeza kanzu, mita moja, mbili, shemeji anavutwa nyuma huku anaenda mbele, anapiga kelele "shikaaa", nishike nini sasa? Kitambaa kikajaa, tairi likagoma, mzee akalala ubavu pole pole kabisa pembeni ya mama wa maembe, hana hata mchubuko alhamdulillah. Ila kanzu ilibaki kwenye baiskeli kuanzia kiunoni.

Chini akaonekana na bukta nyekundu ya Simba. Huyu mtu ni Yanga! Kila derby anatutukana mpaka usiku wa manane! Mama wa maembe mwenyewe akaacha kuokota maembe yake.

Jioni kanipigia, sauti nzito, anataka nimlipe kanzu. Nikamuuliza vizuri tu, shem, kwenye lile grupu la familia niwaelezee kanzu peke yake au na bukta? Akasema tuyaache.