Sikuua Kuku, Niliwalisha Kuni

Wadau, najua klipu mmeshaiona, ile ya mimi nikiwafundisha kina mama kutengeneza chakula cha kuku. Imezunguka magrupu yote, kuanzia la ukoo mpaka la kwaya, na jana hadi konda wa daladala kaniuliza kama kuku wangu "wameshawaka." Jirani aliyerekodi (jina namstiri, ni mtu wa ibada) kaongeza chumvi eti kuku walikufa. Hakufa hata mmoja. Tukubaliane hapo kwanza.

Kukosa mashudu ya alizeti (yale mabaki ya mbegu zikishakamuliwa mafuta) hapa Singida ni kama kukosa samaki soko la Feri, Dar. Lakini mimi na kuku wangu 120 wa mayai tulikuwa tunakula chakula cha dukani mpaka mfuko ukatoboka. Nikaanza kujisomea kwenye simu usiku: kuku wa mayai anahitaji protini asilimia 16 hadi 18, dagaa bei mbaya, soya bei mbaya zaidi, mkombozi ni mashudu. Wiki moja tu, nikawa profesa.

Kwenye mashine ya kukamulia mafuta nikakuta foleni. Nyuma ya banda, lundo jeusi, hakuna anayeligusa. Nikamuuliza kijana wa mashine, "Haya ya alizeti?"

"Ya alizeti hayo, bosi."

"Kuku wanakula?"

"Kuku kuna asichokula?"

Magunia 10 kwa hela ya soda. Yalikuwa mepesi kiasi kwamba nilibeba mawili kwa mpigo, nikajisemea kumbe mazoezi yananikubali. (Wewe unayecheka, subiri, bado.)

Nikachanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi. Wiki ya pili mayai yakashuka kutoka trei tatu kwa siku hadi moja na nusu. Nikasema ni baridi. Kuku wakawa wanachakura chomboni wanamwaga chini, nikasema wameshiba. Na katikati ya hali hiyo, kikundi cha kina mama wa mtaani kikaniomba niwafundishe kutengeneza chakula cha kuku. Nikakubali! Nikavaa na shati jeupe.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo klipu inapoanzia.

Kina mama kama ishirini wamekaa kwenye mkeka. Mimi nimesimama, gunia liko wazi mbele yangu. Nimeshazungumzia protini, nimeshazungumzia nyuzinyuzi, nimesema neno "laisini" (moja ya vijenzi vya protini) mara nne. Nazama mkono guniani, nainua konzi, nasema kwa sauti ya redio: "Mashudu bora mtayajua kwa harufu ya mafuta." Nanusa. Hayanuki chochote. Natabasamu hivyo hivyo, nampa bibi mmoja wa mstari wa mbele ili ashuhudie.

Bibi hakunusa. Akamimina kiganjani, akasugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole. Kikavu. Kisha akasogeza kiganja mdomoni, akapuliza. Fuuu.

Wadau, vile vitu viliruka. Vyote. Vilipanda juu kama kumbikumbi, vikaelea, vikashuka polepole kwenye shati langu jeupe, kimoja kikanasa kwenye mdomo wangu uliokuwa wazi. Bibi akafungua kiganja kuwaonyesha wenzake. Kitupu.

"Mjukuu wangu," akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "protini imeondoka."

Kimya. Nikatema kipande.

"Haya si maganda tunayochomea matofali?"

Na kama vile haitoshi, tetea mmoja akapita, akadonoa ganda moja, akatikisa kichwa akalitupa, akaniangalia kwa jicho moja. Hiyo sehemu jirani kaikuza kabisa, kuku kajaa kioo kizima.

Kumbe mashine ile hubangua alizeti kwanza ndipo ikamue, na maganda hutupwa nyuma. Mashudu yenyewe hutoka mbele, mazito, ya kijivu, ukiyaminya mkono unabaki na mafuta. Mimi wiki tatu nimelisha kuku kitu ambacho tumbo la kuku halikiwezi.

Mengine nayapitisha haraka. Bibi ndiye aliyemalizia somo, mimi nikashika ndoo. Tukanunua mashudu ya kweli, tukaweka kilo 15 kwenye kila kilo 100, pumba, dagaa kidogo kwa sababu ya ile laisini niliyoitaja mara nne bila kujua naitajia nini, chokaa na chumvi kiasi. Mayai yamerudi trei mbili na nusu, yanapanda.

Magunia matano ya maganda yaliyobaki kayachukua bibi bure. Jumamosi nilipita kwake, nikaamkia "Shikamoo bibi," akaitika huku akinionyesha tanuri kwa kidole.

"Marahaba. Njoo uone kuku wako wanavyotaga."