Milingi ya mtumba kwa karakana ya nyumbani: chuma kikubwa au ya mezani?

Jamaa yangu mmoja ana karakana nyuma ya nyumba yake Tabata, ana mashine ya kukereza, ana drili ya kusimama, ana mashine ya kuchomelea, kazi yake kubwa ni shafti na puli za mashine za kusaga unga. Ila kila akifika kwenye kiwei, ule mfereji unaokaa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja, inabidi aibebe shafti mpaka Gerezani, apange foleni kwa mwenye milingi, yani mashine ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka, alipe, arudi jioni. Sasa kachoka, anataka milingi yake mwenyewe, ya mtumba kwa sababu mpya haiwezi. Na tangu aseme hivo kila fundi anayemjua ana lake, wengine wanamwambia beba chuma kikubwa cha Uingereza kitakuzika, wengine wanamwambia wewe una chumba tu pale, chukua ya mezani ufanye kazi.

Wanaotetea kubwa wanaanza na Bridgeport, na mimi siwalaumu. Ilianza kutengenezwa 1938 kwenye mji huohuo wa Bridgeport, Connecticut, Marekani, baadae ikatengenezwa pia Leicester, Uingereza, na vyuo na viwanda vya kule vilijaa hizi mashine, kwa hiyo kikifungwa kiwanda au chuo kikibadilisha vifaa zinatoka sokoni. Meza yake inakaa juu ya goti linalopanda na kushuka, kichwa kinalala kushoto na kulia, mkono wa juu unasukumwa mbele na nyuma na kuzungushwa, yani kipande kikikaa vibaya utakipatia namna tu. Afu spindo yake, ule mhimili unaozungusha kisu, kwa kawaida tundu lake ni la aina ya R8, na koleti za R8, yani vishikio vya kisu vinavyoingia humo, zipo kila mahali, za Kichina zipo za bei ndogo. Hili la koleti watu wanalipita haraka halafu linakuja kuwauma, maana kuna milingi nzuri za Ulaya zina tundu la spindo la aina yake, mashine unaipata kwa bei ya kutupa lakini koleti moja unaitafuta mpaka unakata tamaa.

Ubaya wa kubwa hauko kwenye kukata chuma, uko kwenye kuifikisha ndani na kuiwasha. Ina uzito wa karibu tani moja na uzito mwingi uko juu, ikianza kulala huishiki. Wanaojua kuihamisha wanageuza kichwa kiangalie chini, wanashusha goti mpaka likae juu ya gogo, wanarudisha mkono wa juu nyuma, ndo inaanza kusukumwa juu ya mabomba taratibu. Na urefu wake ni mita mbili na kitu, juu ya hapo unahitaji nafasi ya kuchomoa ule mti wa kukazia koleti unaotokea juu kabisa, sasa pima kwanza kenchi yako na bati lako kabla hujamtafuta mtu wa Fuso. Sakafu pia, kama ni simenti ya kupakaza juu ya kifusi itapasuka.

Umeme ndo watu wengi wanapoogopea, kwamba mashine hizi ni za njia tatu na nyumbani una njia moja. Kuvuta njia tatu TANESCO ni gharama, lakini siku hizi kuna inveta, unaingiza umeme wa njia moja wa volti 230 inakutolea njia tatu za volti 230, na mota ya hosipawa moja na nusu haiisumbui. Ila hapa kuna mtego, soma kibati cha mota kabla ya kulipa. Kama kimeandikwa volti mbili, 220/380 au 240/415, unaiunga delta, ule muungo wa volti ndogo, na maisha yanaendelea. Kama imeandikwa 415 peke yake maana yake imeungwa nyota kwa ndani, muungo wa volti kubwa, itabidi fundi wa mota aifungue akutolee waya zote sita. Na kama ni mota ya spidi mbili, zile zenye swichi ya polepole na haraka, mara nyingi haiungiki kwa volti ndogo, hapo hesabu mota nyingine kabisa. Nimeona mtu kafurahia bei, kaja kununua inveta, akawasha, spindo inazunguka lakini haina nguvu hata ya kukata bapa la milimita mbili, kumbe mota ilikuwa bado iko nyota.

Hawa wa ya mezani nao wana hoja. Ile yenye nguzo ya duara ina kilo kama 250 au 300, unaifungua vipande, wanaume wanne wanaiingiza mlangoni, unachomeka kwenye soketi ya kawaida, kesho unafanya kazi. Nyingi zake nazo zina R8. Kwa mtu anayekata kiwei na kutoboa flenji inatosha kabisa, na mwenye karakana ya kupanga akihamishwa anaondoka nayo.

Lakini mimi hiyo nguzo ya duara nimeifanyia kazi kwenye karakana ya mtu na sitaisahau. Nilikuwa natoboa tundu la flenji kwa drili ndefu, nikatoa drili nikafunga endimili fupi, kisu cha milingi kinachokata kwa ubavu, ili nilinyooshe lile tundu, endimili haifiki kwenye kazi, ikabidi nishushe kichwa. Kwenye nguzo ya duara hakuna kinachoshikilia kichwa kisizunguke, ukilegeza tu boliti kimeshahama. Nikarudia kutafuta senta, nikaona kama nimepata, nikakata, tundu likawa yai. Flenji ya mteja, chuma cha mteja. Kwa hiyo ukiamua ya mezani tafuta yenye nguzo ya mraba, kichwa chake kinapanda na kushuka kwenye reli na senta yako inabaki palepale, bei inapanda kidogo ila hizi mbili sio mashine moja.

Sasa mimi naona ubishi wa kubwa na ndogo unaficha swali lenyewe, ambalo ni hii mashine imelika wapi. Kuna kulika kunakotibika na kuna kusikotibika. Mkanda, beringi za spindo, nati ya skrubu ya meza, hivi vyote vinabadilishwa. Njia za kutelezea zikilika hapo ni kukwanguliwa upya na fundi anayejua, na hao ni wachache mno.

Namna ya kujua ni rahisi ila muuzaji hataipenda. Shika hendeli ya meza, meza ikiwa katikati kaza gibu, ule ubapa wa chuma unaoondoa ulegevu kwenye njia, mpaka uisikie inabana vizuri, afu peleka meza mwisho kabisa wa kushoto na mwisho wa kulia. Ikigoma kabla haijafika, maana yake katikati pamelika na pembeni bado pazima, kwa sababu kazi zote zilifanyika katikati. Usiwasikilize wanaokwambia ooh imekauka oili tu, paka oili urudie. Halafu angalia zile alama za kukwangua kwenye njia, kama pembeni zinaonekana kama magamba ya samaki na katikati ni kioo kitupu, umeshajua. Washa spindo kwa spidi ya juu robo saa, weka mkono kwenye kichwa karibu na beringi, sio kwenye spindo inayozunguka, joto la kawaida sawa, ikikuchoma beringi hizo zinakwenda. Meza kuwa na vidonda vya drili inatia huruma lakini sio ugonjwa.

Kingine, mashine nyingi za Uingereza zinasoma inchi. Mzunguko mmoja wa hendeli kwenye Bridgeport ya inchi ni inchi 0.200, sawa na milimita 5.08, ukizoea kuhesabu 5 basi mizunguko kumi inakuacha milimita 0.8 nje. Bora ufunge skrini ya kuonyesha vipimo.

Na kuna chaguo ambalo hakuna aliyemtajia jamaa yangu, milingi ya kulala, ambayo spindo yake imelala badala ya kusimama. Hazina watu wa kuzigombania kwa hiyo zinakuwa rahisi, na kwa kiwei na gia, ukiwa na kichwa cha kugawanya, kile kifaa cha kuzungusha kazi kwa hatua sawasawa, zina nguvu kuliko hizi zote mbili. Kasoro yake kutoboa tundu juu ya kazi ni shida, lakini yeye drili ya kusimama anayo.

Mpaka sasa kaona mbili. Moja ya nguzo ya duara, safi, rangi mpya, nimemwambia rangi mpya kwenye mashine ya mtumba mimi inanitia wasiwasi zaidi. Ya pili ni ya goti, chafu, kibati cha mota kinasomeka 240/415, na koleti sita zinakuja nayo. Bati la karakana yake liko juu mita mbili na nusu kamili, tumelipima jana. Jumamosi tunaenda kuikagua hiyo ya pili, dayo indiketa, ile saa ya kupimia mchezo mdogo wa mashine, nabeba mimi, na meza tutaizungusha mpaka mwisho pande zote mbili hata muuzaji akinuna.