Kovu la Begani na Maswali ya Muuguzi

Wiki iliyopita nilirudishwa kutoka kliniki bila kuwekewa dripu yangu, kisa kikohozi cha siku tatu na joto la mwili lililovuka nyuzi 38 kidogo tu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, viungo vya vidole vilikuwa vimeshaanza kukaza kama vinavyofanya kila dawa inapokaribia kuisha mwilini, nami nikamwambia muuguzi, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kwamba mafua hayajawahi kumwua mtu. Alifunga faili, akasema infliksimabu, dawa ya viungo iliyo katika dripu hiyo, inaweza kungoja hadi nipone, kisha akanisomea maswali yale yale anayoniuliza kila baada ya wiki 8: je, natokwa na jasho usiku, nimepungua uzito, nimekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu, nina kidonda kisichopona, nina chanjo yoyote ninayotarajia kuchomwa?

Nilitoka nimenuna. Hata hivyo, katika miaka minne niliyougua baridi yabisi nikiwa nyumbani, kabla ya kuja huku ughaibuni, hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja kati ya maswali hayo, ingawa nilikuwa nikimeza prednisoloni kila siku, dawa ambayo nayo hushusha kinga, hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Vidonge vilihesabiwa, vikatiwa katika bahasha iliyoandikwa 1 x 2, na karatasi ya maelezo ikabaki dukani ndani ya kopo lake.

Najua nitakaloambiwa: huyu amevuka bahari juzi, leo anatusimanga. Sizungumzii mashine wala bei za dawa, ndugu zangu, maana hayo tunayajua sote na hayahitaji mtu wa ughaibuni kuyakumbusha. Nazungumzia swali, na swali halihitaji umeme.

Tena nikiri kwamba maswali hayo mwanzoni yaliniudhi zaidi kuliko leo. Kabla ya kuanzishiwa dawa, daktari aliliona begani mwangu kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, akauliza nilikozaliwa, akaagiza picha ya kifua na kipimo cha damu cha kutafuta kifua kikuu kilicholala. Niliamini kabisa kwamba ninabaguliwa. Kumbe kovu lenyewe ndilo lililomfanya achague kipimo cha damu, kwa kuwa kile cha kuchoma ngozi kinaweza kudanganywa na chanjo ya BCG, na cha damu hakidanganywi nayo. Majibu yalionyesha kwamba vijidudu nilikuwa navyo, vimelala kimya, pengine tangu utotoni. Nikaanza isoniazidi, dawa ya kuvizuia visiamke, na dripu ya kwanza ikasubiri mwezi mzima.

Sababu ya uangalifu huo haina siri. Mwili huvizungushia vijidudu vya kifua kikuu ukuta wa chembe za kinga, na protini iitwayo TNF ndiyo udongo unaoushikilia ukuta huo; protini hiyo hiyo ndiyo inayochochea uvimbe katika viungo vyangu, na ndiyo infliksimabu inayoizuia. Ukituliza viungo, umelegeza ukuta. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na kufikia 2001 ilikuwa imechapishwa ripoti ya watu 70 walioitumia wakapata kifua kikuu, zaidi ya nusu yao kikiwa nje ya mapafu, wengi ndani ya miezi michache ya mwanzo.

Hapo kwenye "nje ya mapafu" ndipo ninapowavulia kofia matabibu wetu. Daktari wa huku amekisoma kifua kikuu vitabuni. Wa kwetu amekisomea wodini, na atakushika shingo kutafuta tezi kabla hujakaa vizuri kitini. Ujuzi tunao. Ndiyo maana hasira yangu haiishi: mtu anayeweza kuutambua ugonjwa kwa vidole vyake anashindwaje kumwambia mgonjwa kwamba dawa anayompa inaweza kuuamsha?

Wengine watanijibu kwamba kumtajia mgonjwa madhara ni kumtia hofu aache dawa. Mimi nilitajiwa yote, kuanzia mzio wakati wa dripu na kuamka kwa homa ya ini aina B hadi moyo ulio dhaifu kuzidiwa, na sijaacha, kwa sababu leo ninafunga vifungo vya shati mwenyewe. Asiyeambiwa ndiye hukimbia siku ya kipele cha kwanza.

Binamu yangu yuko nyumbani, anatumia dawa hii hii, na alikuwa mjamzito. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito infliksimabu huvuka kondo la nyuma, na imewahi kukutwa katika damu ya watoto hadi miezi 12 baada ya kuzaliwa. BCG ni chanjo yenye vijidudu hai. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti kifo cha mtoto mchanga aliyechanjwa BCG baada ya mama yake kutumia dawa hii wakati wa ujauzito, na maelezo ya dawa barani Ulaya sasa yanashauri kuahirisha chanjo hai kwa miezi 12. Binamu hakuwa ameambiwa neno. Nilimpigia simu, nikamsihi amweleze mkunga kabla ya uchungu kuanza, na moyoni nilishajiandaa kusikia kwamba amefokewa.

Hakufokewa. Mkunga alimsikiliza, akampigia daktari, akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu ya kadi ya kliniki: "BCG ISITOLEWE KWANZA, MAMA ANATUMIA DAWA." Akapiga mistari miwili chini yake. Binamu alinitumia picha ya kadi hiyo siku ile ile niliyorudishwa na kikohozi changu.