Santuri Mbili kwa Bei ya Moja

Juzi nimekutana na tangazo la kuwavuta watalii waende London: basi jekundu, wasichana wanacheka, jua linawaka (London hiyo!). Na chinichini linapigwa gita la "London Calling". Jamani, hivi kuna aliyesikiliza maneno? Wimbo ule ni wa maangamizi: nyuklia, uhaba wa ngano, mto Thames unataka kumeza mji. The Clash, bendi ya punk ya London, waliutoa 1979, mwaka uleule wa ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani. Kuuzia tiketi wimbo huo ni sawa na kubandika tanzia kwenye kadi ya harusi.

Albamu yenyewe, nayo inaitwa "London Calling", watu wanaisifia jalada: Paul Simonon, mpiga besi wao, anavunja gita lake la besi jukwaani New York. Picha kali, sikatai. Ila bei wanaisahau. Bei, ndugu zangu! The Clash walitaka santuri mbili ziuzwe kwa bei ya moja. CBS, kampuni yao ya kurekodi, ikagoma. Wakaomba basi waruhusiwe kutia ndani kisanturi cha nyongeza, cha bure. CBS ikaona hilo dogo, ikakubali. "Nyongeza" ikanenepa mpaka ikafika nyimbo tisa, na Desemba ile kijana wa Uingereza asiye na kazi akatoka dukani na nyimbo 19 kwa pauni tano hivi. Mwaka uliofuata wakarudia na albamu ya "Sandinista!", santuri tatu safari hii, huku mirabaha yao wenyewe ikikatwa. Nyie wanamapinduzi wa leo, mnaouza fulana ya ngumi kwa bei ya kodi ya chumba, mnasemaje?

Haya, najua: CBS walikuwa mabepari wakubwa, baba yake Joe Strummer, mwimbaji wao, alikuwa ofisa wa ubalozi, na mwaka 2002 wimbo huohuo wa "London Calling" uliuza magari ya Jaguar kwa ridhaa ya bendi. Nimekubali. Tuendelee.

Kinachonikosha mimi ni wimbo mwingine wa albamu ileile, "The Guns of Brixton". Simonon, aliyewahi kuishi Brixton, mtaa wa kusini mwa London, utotoni, kaitunga na kaiimba mwenyewe, sauti kavu kabisa. Besi inajikokota kireggae, nzito, na swali ni moja tu: polisi wakivunja mlango, utatokaje? Aprili 1981 Brixton ikawaka kweli, ghasia za vijana na polisi. Mwaka 1990 kundi la Beats International wakaichukua besi hiyo kwenye wimbo wao, ukashika namba moja Uingereza, watu wakaucheza disko usiku kucha. Hao sina ugomvi nao, unachezeka.

Ila watu wa utalii, mbona huu wa Brixton hamuugusi?