Fundi wa Mwanjelwa na jirani yangu wa bastola

Jumapili moja ya Januari baba mdogo alinipigia kutoka Tukuyu. Kwake ilikuwa saa kumi jioni, mvua inapiga bati mpaka sauti yake inamezwa. Kwangu saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hivi ni kweli huko mnaishi nao?"

Sikuuliza nao akina nani. Baba mdogo ni mzee wa kanisa la Moravian, lililoingia Rungwe mwaka 1891, na lile neno halijawahi kumtoka mdomoni.

"Wako nyumba ya mbele yangu, baba. Wanaume wawili. Wameoana."

Kimya. Mvua tu. Kisha: "Na serikali inajua?"

"Serikali ndiyo iliyowapa cheti."

Akacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa ng'ombe kapanda mti, akahamia kwenye bei ya mbolea. Ila lile swali la serikali halikuniondoka, kwa sababu ndilo hasa analoliuliza jirani yangu wa kulia kila siku, japo kwa upande wa pili.

Niko New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani, mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee: kuwageuza, kuwaosha, kuwasikiliza. Jimbo lenyewe lina vituko. Mtu mzima halazimishwi kufunga mkanda wa gari, mshahara haukatwi kodi ya jimbo, na kwenye kibao cha namba ya gari imeandikwa "Ishi huru au ufe". Mwaka 2001 lilianza vuguvugu la kuwahimiza wenye itikadi ya uhuru wa mtu binafsi, Walibertari, wahamie jimbo moja ili wasikike, na mwaka 2003 wakalichagua hili. Imani yao ukiikamua inabaki hivi: mtu ni mali yake mwenyewe, na dola isimguse mpaka atakapomgusa mwenzake.

Jirani yangu ni mmoja wao. Anauza kuni. Kwenye baraza lake inapepea bendera ya njano yenye nyoka aliyejikunja na maneno "Usinikanyage", na bastola haimtoki kiunoni hata akienda kuchukua barua hapo getini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa navuka barabara nikimwona. Basi asubuhi moja baada ya dhoruba, mashine ya theluji ya wale wawili ikagoma. Huyu bwana akatoka na yake, akawasafishia njia yote mpaka barabarani, akarudi kwake bila hata kugonga mlango. Nilimuuliza anawaonaje. Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. "Wanalala na nani si shughuli yangu. Na kama si shughuli yangu mimi tunayeishi mtaa mmoja, imekuwaje shughuli ya mtu aliyekaa ofisini Washington?"

Nikadhani basi anaifurahia sheria ya jimbo iliyoruhusu ndoa hizo kuanzia Januari 1, 2010. Wapi! Anaipinga ndoa yoyote ya serikali, ikiwemo yake. "Nikinunua trekta siombi kibali. Kuoa ndiyo nimwombe karani?" Lakini mwaka 2012, Republican, chama cha wahafidhina, walipokuwa wameshika bunge la jimbo kwa wingi mkubwa na muswada wa kuifuta sheria ile ukaletwa, uliangushwa kwa kura 211 dhidi ya 116, na Republican kwa makumi walikuwa miongoni mwa walioukataa. Jirani anasimulia siku hiyo kama sisi tunavyosimulia mechi ya watani wa jadi.

Hili la karani, kwa mtu wa Rungwe, wala si geni. Mama yangu hana cheti cha ndoa. Ndoa yake ilifungwa na ng'ombe na wazee wa pande mbili, na ofisi ya wilaya ilikuja kusikia baadaye, kama ilisikia. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inakubali kuwadhania mke na mume watu walioishi pamoja miaka miwili na wakajulikana hivyo na jamii. Kwa hiyo jirani aliponiambia ndoa ni mapatano ya watu na si zawadi ya dola, nilimwambia babu yangu angempa kiti.

Lakini serikali ikishaingia kwenye mirathi, kodi na hospitali, huwezi kuiambia itoke kwa mlango mmoja tu. Muulize Edith Windsor wa New York. Alimuoa mwenzake Thea Spyer huko Toronto mwaka 2007. Thea akafa mwaka 2009, na serikali kuu ikamdai Edith kodi ya urithi dola 363,053, kwa sababu machoni pake hawa wawili walikuwa wapangaji tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki. Niliposoma kesi ile sikuwaza Marekani hata kidogo. Niliwaza mjane wa kwetu, siku ya arobaini, shemeji wamekuja na kamba na panga kuhesabu bati za nyumba.

Walibertari wa kwenye vitabu nao hawana shida na kesi hizo. Taasisi yao ya Cato iliandika mahakamani kuwatetea mashoga mwaka 2003, pale sheria ya Texas iliyowaadhibu ilipofutwa, ikaandika tena mwaka 2015, pale ndoa ziliporuhusiwa nchi nzima. Kisha, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 2018, ikasimama upande wa pili, pamoja na mwoka keki wa Colorado aliyekataa kuwatengenezea keki ya harusi wanaume wawili. Mwoka keki alishinda, majaji saba kwa wawili. Wengi waliona ni ukigeugeu. Mimi naona ni watu walewale: usilazimishwe kuficha mpenzi, na usilazimishwe kupamba keki.

Hapo ndipo tunapoachana, mimi na wao.

Mwaka wangu wa pili nilitafuta chumba. Kwenye simu mwenye nyumba alikuwa mchangamfu, hadi aliponiona mlangoni. Kikawa kimeshachukuliwa. Kibao cha "Inapangishwa" kilikaa dirishani mpaka Machi. Nilikuwa nakiona kila nikipita na basi. Wiki sita nililala sebuleni kwa mfanyakazi mwenzangu, miguu ikining'inia nje ya kochi. Nilipomhadithia jirani, alisema yule ni mpumbavu, ila nyumba ni yake, na soko litamwadhibu kwa kukosa kodi yangu. Labda. Mimi nilichokiona ni kwamba aliyeadhibiwa na soko ni mgongo wangu.

Kwa hiyo sheria za jimbo zinazokataza kumnyima mtu kazi au nyumba kwa ajili ya anayempenda, za tangu 1997, na ile ya 2018 iliyowaongeza waliobadili jinsia, sizioni kama udikteta. Jirani yangu mwenye kuni zake anaweza kusema soko litatibu. Mpeleke kwenye kijiji chenye kiwanda kimoja cha chai na ukoo mmoja unaoshika mashamba yote, halafu aniambie soko liko wapi.

Kwenye waliobadili jinsia, wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Jirani anauliza kwa nini kitambulisho kiseme ana nini ndani ya suruali, na kwamba mtu mzima akitumia mwili wake na hela yake, basi. Ikifika kwa watoto, anageuka. Sheria ya mwaka 2024 ya jimbo hili, iliyozuia upasuaji wa viungo vya uzazi kwa walio chini ya miaka 18, aliiunga mkono. Mimi kwa watoto pia sina haraka. Kwa watu wazima ninaye mwenzangu wa zamu, alizaliwa akaitwa mvulana, na hakuna mzee kwenye lile jengo anayetaka kugeuzwa na mtu mwingine. Siasa zao zenyewe ni kichekesho: chama chao kilimsimamisha shoga wa wazi, Chase Oliver, kugombea urais mwaka 2024, na sehemu ya wanachama wakanuna. Kule Argentina, Rais Milei anajiita mtu wa uhuru, lakini Januari 2025 alikwenda kwenye mkutano wa uchumi wa dunia kule Davos akawasema mashoga mpaka watu wakajaa barabarani Buenos Aires.

Lakini nusu ya kwanza ya imani yao, ile ya dola kukaa mbali na kitanda, naikubali yote. Na sikuipatia hapa. Niliipatia Mwanjelwa.

Nilipokuwa nasoma Mbeya palikuwa na fundi cherehani, kibanda chake nyuma ya soko. Futi shingoni, chaki nyuma ya sikio, pasi ya mkaa ambayo aliijaribu kwanza kwenye kitambaa chake mwenyewe. Hakuoa. Aliishi na mtu aliyeitwa binamu. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Kwetu hiyo tunaita sitara, na nimewahi kuisifia hapa mbele ya Wamarekani kwamba sisi hatupigani, tunastiriana. Siku moja, nimekaa kwenye benchi nasubiri suruali, akaja mteja kuchukua suti ya vipande vitatu. Alishatoa kianzio. Fundi akataja kilichobaki. Yule akalivaa koti, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema polepole: "Kwani niongee, au ninyamaze?"

Fundi hakujibu. Aliikunja suruali, akaikunja vesti, akatia kwenye mfuko, akampa.

Yule mteja alirudi tena, safari hii na binamu yake yeye, wa kweli, akitaka suti ya pili. Baadaye akaja mwingine, mtu mwenye kofia ya mamlaka, simtaji wa wapi, kuulizia pesa ya chai. Miezi michache mbele nikakuta kibanda kitupu. Wengine walisema kapandia basi la Tunduma, wengine Lusaka. Suruali yangu ilikuwa kwa mama ntilie wa jirani, imepigwa pasi, na mfukoni chenji yangu, shilingi elfu mbili.

Yule fundi hakuwahi kufika mahakamani. Hakuna aliyemfunga. Sheria haikuhitaji hata kufunguliwa. Ilitosha iwepo kabatini. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema miaka isiyopungua 30, mpaka maisha. Tena kifungu chenyewe hakimtaji shoga. Kinataja tendo la kinyume cha maumbile, na kwa maneno yake hata mke na mume chumbani kwao wanaingia. Mnaosema mambo haya yaliletwa na wazungu, kilicholetwa na wazungu kwa karatasi na muhuri ni hicho kifungu. Waingereza kwao walikuwa na ndugu yake, sheria ya mwaka 1885, na wenyewe wakaibandika jina la hati ya wenye vitisho, kwa jinsi watu walivyoitumia kukamuana hela. Friedrich Hayek, mchumi ambaye jirani yangu amebandika picha yake gereji, aliandika mwaka 1960 kwamba mambo ya siri ya watu wazima, hata wengi wakiyachukia, si ya kushughulikiwa na mkono wa dola. England na Wales walianza kuachana nayo mwaka 1967. Sisi tulibaki na ya kwetu, na mwaka 1998 tukaiongezea adhabu. Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, waliifuta ya Wareno mwaka 2015, na sijasikia kwamba mto umekauka.

Mwaka 2018 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi na kuwaomba wananchi watume majina. Serikali baadaye ilisema yale yalikuwa maoni yake binafsi. Mimi nilijiuliza kitu kimoja tu: kati ya majina yaliyotumwa, mangapi yalikuwa ya watu wanaodai?

Na sisi wa nyanda za juu tuna hesabu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mkoa wenye hesabu hiyo hauna anasa ya kumfanya mtu yeyote aogope foleni ya zahanati. Sizungumzii dhambi hapo. Nazungumzia foleni.

Sitara yetu ilikuwa na joto ambalo hapa silioni. Jirani wa bastola anakuacha huru hata ukifa, watakukuta theluji ikiyeyuka. Lakini sitara ya fundi ilikuwa mkononi mwa mteja yeyote aliyeishiwa hela.

Jumapili iliyofuata nilimpigia baba mdogo mimi. Nikamhadithia habari za fundi, mwanzo hadi mwisho.

"Yule aliyenishonea koti la harusi ya dada yako?"

"Ndiye."

Alinyamaza. Nilisikia kiti kikisogezwa. "Dhambi ni dhambi, neno siliondoi," akasema. "Lakini huyo mwenye suti. Fundi alikuwa anadaiwa naye kitu?"

"Hapana baba. Fundi ndiye aliyekuwa anadai."

"Basi huo ni wizi." Akakohoa. "Koti ninalo. Mshono haujaachia hata mmoja. Haya, na hiyo mbolea, unanitumia ya mifuko miwili au mitatu?"